Vidonge Vinne vya Baba Mkwe

Lupepo, Rungwe
21 Januari 2024

Mama Lusungu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi, baba yake Ambokile, baba mkwe wako. Tangu mwanangu alipokuoa na kukuleta huku kutoka Moshi huu ni mwaka wa nane, na kwa mila yetu ya Kinyakyusa wewe na mimi hatujawahi kuonana uso kwa uso wala kusemezana, hata kwa simu. Ukija likizo, mimi napita nyuma ya migomba. Nikikohoa njiani, wewe unaingia jikoni. Vijana wanacheka, wanasema mila hiyo imeshafukiwa. Wacheke. Mama yangu aliishika mpaka kaburini, na mimi sina ubavu wa kubishana na marehemu. Lakini wiki hii nimefikiri sana. Wazee wetu walikataza macho na mdomo. Karatasi hawakuitaja.

Shida yangu ni hii. Unajua nina saratani ya damu, Ambokile amekueleza. Ila Ambokile ni dereva wa malori. Nikimwuliza jambo anajibu akiwa Tunduma, na akivuka mpaka ameshasahau. Nusu ya majibu anaipoteza na nusu anaitia chumvi. Wewe unafanya kazi maabara huko Dar es Salaam, kwenye utafiti wa damu kama hii yangu, na nimeambiwa chupa zetu za kliniki ya Mbeya zinaletwa kwenu. Hawaandiki jina, wanaandika namba. Yangu ni R-031. Nakupa kwa hiari yangu. Najua mkwe hatamki jina la baba mkwe hata kwa bahati mbaya, basi namba itakufaa.

Nilikuwa karani wa mizani ya chai miaka thelathini na moja. Kitu kisicho na kipimo sikiamini. Wananipa vidonge vinne kwa siku, navimeza pamoja na chakula cha jioni, na sijui vinapigana na nani. Niambie kilichomo ndani ya damu yangu. Usinibembeleze.

Maparachichi ni ya mjukuu. Ukiyamaliza yote wewe, nitajua.

Mimi,
Babu yake Lusungu


Dar es Salaam
4 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Boksi limefika. Barua nimeisoma palepale stendi ya Mbezi, nimesimama, watu wananipiga vikumbo na mizigo yao, na mimi machozi yananitoka bila sababu ya kueleweka. Miaka minane! Nimezoea kuijua kofia yako tu, ikipita juu ya ua.

Nimemwomba mkuu wa utafiti ruhusa ya kukueleza matokeo yako. Amekubali, kwa kuwa umeomba mwenyewe.

Baba, ndani ya kila chembe ya mwili wako kuna kitabu cha nyimbo. Ni kitabu kilekile, kwenye ngozi, kwenye ini, kwenye damu. Lakini chembe haziimbi zote. Ya ini inaimba nyimbo za ini, ya jicho inaimba za jicho, nyingine zinabaki zimefungwa. Nyimbo hizo ndizo tunaziita jeni. Kazi yetu hapa ni kusikiliza zipi zinaimbwa, na kwa nguvu gani.

Kwako, siku moja ambayo hakuna anayeijua, katika chembe moja tu ndani ya mfupa, kurasa mbili zilichanika zikaunganishwa vibaya. Nusu ya wimbo mmoja ikagandana na nusu ya mwingine. Ukatokea wimbo ambao haumo kitabuni, na wimbo huo unaiamuru chembe izae tu, isipumzike. Ikazaa mbili, zikazaa nne, zote zinaimba vilevile. Ndiyo maana chembe nyeupe zilijaa kwenye damu yako na bandama ikavimba mpaka ukashindwa kufunga koti.

Dawa yako haichani kitabu. Inaliziba koo la wimbo ule mmoja, na nyimbo nyingine zinaendelea. Nimefanya kazi hii miaka kumi na bado kuna asubuhi naduwaa. Kuna watu walikaa wakatafuta koo moja kati ya maelfu, wakachonga kizibo chake, na kizibo hicho leo kiko Lupepo kwenye bahasha ya kaki, kinamezwa pamoja na ndizi. Mimi sijui nimshukuru nani kwanza.

Umetaka kipimo. Mwezi wa Novemba, kabla ya dawa, kwa kila sauti mia za kawaida tulizohesabu, za wimbo mbovu zilikuwa sabini na nne. Januari zimekuwa tisa. Tunataka zishuke chini ya moja, halafu chini ya sehemu ya kumi ya moja. Hapo ndipo sisi wote tutapumua.

Parachichi nimekula moja tu.

Mkwe wako,
Sia


Lupepo
12 Mei 2024

Mama Lusungu,

Barua yako naiweka ndani ya daftari langu la zamani la mizani. Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Jumapili kanisani walipotangaza wimbo nikafungua kitabu, nikasimama, sauti haikutoka. Nilikuwa nakitazama kiganja changu. Miaka sabini na moja natembea nacho, nimekitia matope, nimekipiga nyundo, na kumbe humo ndani kwaya hailali. Mzee wa kanisa akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nashangaa.

Kliniki wamenipa kipimo kipya, 0.8. Tumbo limerudi, mkanda naufunga kwenye tundu la zamani. Andongwisye ananitazama kama mtu aliyemwona Lazaro akichota maji. Huyu humjui. Ni rika langu na jirani yangu. Tulichunga ng'ombe pamoja, wake zetu walifariki mwaka mmoja, na tangu hapo kila jioni tunakula sahani moja, leo kwangu kesho kwake. 

Sasa nina swali na nataka jibu la wazi. Mtu wa umri kama wangu, tumbo limevimba upande wa kushoto, anatoka jasho, anakonda, je, dawa hii inamfaa? Haiwezi kumdhuru?

Nasubiri.

Babu yake Lusungu


Dar es Salaam
19 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Nakimbilia kazini, basi la Tukuyu linaondoka na barua hii, nisamehe kwa ufupi.

0.8! Nilipoliona jibu nilipiga kelele, mwenzangu akadhani nimevunja chupa.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Mtu wa umri wako mwenye dalili hizo dawa inamfaa kabisa, usiwe na wasiwasi na uzee. Macho yanaweza kuvimba kidogo asubuhi na misuli ya miguu ikakaza. Ni kawaida. Endelea tu.

Lusungu anasema babu amtumie kinyonga. Mimi nimekataa.

Sia


Dar es Salaam
20 Oktoba 2024

Shikamoo Baba,

Ulisema nisikubembeleze. Kipimo cha Oktoba ni 6.4.

Cha Julai kilikuwa 2.1. Nilijiambia ni mashine, nikanyamaza. Hili la sasa nimelipima mara tatu kwa mikono yangu, na mara zote tatu mstari wa mashine umepanda mapema, dalili ya wimbo mwingi. Wimbo umerudi, Baba, na unapanda.

Hili huwa na sababu mbili. Ama mgonjwa anaruka dozi, ama wimbo wenyewe umejibadilisha koo, kizibo hakiingii tena. Ikiwa ni hili la pili, itabidi ubadilishiwe dawa, na hiyo dawa nyingine haipatikani kwa urahisi wa hii. Ikichelewa, ugonjwa huu unaweza kuamka na kukimbia, na ukikimbia haukamatiki tena. Naogopa. Siwezi kukuficha.

Nakuuliza kama mtoto anavyomwuliza mzazi wake. Umeruka siku?

Sia


Lupepo
3 Novemba 2024

Mama Lusungu,

Sijaruka hata siku moja. Niliyepima chai ya watu miaka thelathini na moja bila kulalamikiwa siwezi kushindwa kuhesabu siku. Nakuapia kwa Mungu aliye juu, kila jioni dawa imeingia mdomoni mwangu.

Angalieni mizani yenu.

Babu yake Lusungu


Dar es Salaam
8 Desemba 2024

Shikamoo Baba,

Mizani tumeiangalia.

Kwanza tumeusoma wimbo wenyewe, herufi moja baada ya nyingine, mahali pote ambapo kizibo hushika. Haujabadilika. Siku hiyo nilipaswa kufurahi, nikashindwa, maana lilibaki swali. Kama koo ni lilelile na kizibo ni kilekile, kwa nini sauti inatoka?

Tuna mashine nyingine inayopima dawa yenyewe ndani ya damu. Tone lako dogo, mililita isiyojaza kijiko, tumelitia humo. Nilikaa mbele ya ile mashine kama niko kanisani. Baba, damu yako haikusema kwamba umeruka siku. Imekubaliana na wewe, kila siku unameza. Ila imesema unameza nusu. Si robo, si theluthi. Nusu.

Umeniapia kwa Mungu, na hukusema uongo. Ila ukweli wote hukuuweka kwenye mizani. Vidonge viwili vingine vinakwenda wapi?

Sia


Lupepo
15 Desemba 2024

Mama Lusungu,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nilipokuwa kazini, wakulima wengine walikuwa wakinyunyizia maji majani ya chai ili kikapu kiwe kizito. Nilikuwa naingiza mkono mpaka chini, nawatazama usoni, wanajua nimejua. Sikuwahi kufikiri kwamba iko siku mkono utaingizwa kwenye kikapu changu, tena na mtu aliyekaa Dar es Salaam, ambaye hajawahi kuniona. Nusu! Hata mke wangu, aliyeishi nami miaka arobaini, asingenipima hivyo.

Vidonge viwili anameza Andongwisye.

Tumbo lake lilivimba mwaka jana, upande uleule wa kushoto, jasho lilelile. Tulikaa tukalinganisha, shati juu, kama wavulana mtoni. Yeye hospitali hakwenda, anasema akienda wataipata saratani, na wasipoipata haipo. Mimi nikapona na yeye anakonda mbele yangu. Sasa wewe hukukulia kwetu, nikueleze. Sisi tuna neno, ukwangala. Ni ile raha ya watu wa rika moja kukaa, kula, kuongea. Hapa Lupepo mtu anayekula peke yake wakati mwenzake ana njaa tunamwogopa kuliko nyoka. Sahani ikishatua ni ya wote wawili. Na vidonge navimeza mezani, na chakula, kama walivyoniagiza. Ningevitia vinne mdomoni mwangu huku yeye ananitazama? Nisingeweza, mkwe wangu. Koo lingekataa.

Na sikufanya kwa kujificha. Nilikuuliza kwanza, mwezi wa Mei. Ulinijibu inamfaa.

Babu yake Lusungu


Dar es Salaam
22 Desemba 2024

Shikamoo Baba,

Nimeitoa barua yako ya Mei kabatini. Iko wazi kabisa. Uliandika "mtu," na mimi kwa haraka zangu nikakuona wewe. Nilidhani mzee anaona haya kujitaja. Kumbe ulikuwa unamsitiri rafiki yako, maana ugonjwa wa mwenzio hautangazwi. Nimekuwa mkwe wa Kinyakyusa miaka minane na sijajifunza kwamba huku kwenu jambo zito hupita mlango wa nyuma. Kosa hili si lako peke yako. Saini ya kuruhusu ni ya kwangu, nimeiona, na usingizi umenipaa.

Lakini sasa nisikilize, na unisamehe sauti yangu, nitaipandisha. Dawa si ugali! Ugali ukiugawa, wawili wanakula kidogo na wawili wanaishi. Dawa hii ukiigawa inakuwa haitoshi kwako, na kwake haina kazi kama hana ule wimbo mbovu. Na kuupata huo ni nadra sana, Baba. Wawili wa rika moja, kijiji kimoja, sahani moja? Sidhani. Kizibo kimetengenezwa kwa koo moja. Umekuwa ukimpa rafiki yako ufunguo wa nyumba yako na kumwambia afungue ya kwake.

Naomba mambo mawili. Vinne vyote vyako, kuanzia leo, mpaka hapo daktari atakaposema vingine. Na Mzee Andongwisye aache mara moja, aende kliniki Mbeya. Nimeshazungumza na daktari, anamsubiri, hatamgombeza. Mwambie asipopimwa, wewe utarudia kumgawia, na safari hii ugonjwa utakuzika. Hicho ndicho kitakachomsogeza.

Usife, Baba. Lusungu ana miaka sita tu na hajakuuliza hata robo ya maswali yake.

Sia


Lupepo
13 Aprili 2025

Mama Lusungu,

Ndaga fijo, yaani asante sana, na asante hiyo niizidishe mara nyingi.

Andongwisye alikataa wiki tatu. Nikamwonyesha barua yako, ile sehemu ya kunizika. Akavaa koti. Mbeya wamempima kila kitu. Saratani hana! Ana malaria ya miaka mingi, ile anayoichukua Kyela kila msimu anapokwenda kwenye mpunga wake. Inaingia, haimlazi, inakaa kimya na kuichosha bandama mpaka inavimba. Amepewa dawa za malaria za miezi mingi, na tumbo limeanza kusinyaa. Na kumbe ule uso wake uliovimba, ambao Lupepo yote ilisema mzee amenawiri, ulikuwa ni vidonge vyangu. Anajuta, anasema alikuwa ameshaanza kupata wachumba.

Ulimsoma mtu usiyemwona ukakuta ugonjwa wake siyo huu. Nalifikiria jambo hili nikiwa shambani mpaka jembe linasimama.

Sasa ya kwangu. Usiku wa kwanza wa kumeza vinne peke yangu, mkono ulikufa mezani. Ni Andongwisye aliyevichukua, akavipanga kwenye kiganja changu, akasema, "Gwe, meza, mimi nahesabu." Tangu siku hiyo anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, ndipo tunanawa. Nikichelewa ananitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama wenye chai ya maji.

Lakini Februari kipimo kilikuwa bado 3.0. Daktari anasema cha Juni ndicho cha mwisho kusubiriwa. Kikikwama hapo, dawa hii imeniacha. Nakwambia wewe, Ambokile sijamwambia.

Mnakuja mwezi wa sita na mjukuu. Njoo na sindano yako. Mwombe daktari ruhusa. Chupa hiyo isipite mikono mingine, itoke kwangu iingie kwako. Namna ya kufanya mimi nitaipanga.

Babu yake Lusungu


Dar es Salaam
13 Julai 2025

Shikamoo Baba,

Nitakupa namba mwishoni. Vumilia, kama ulivyonivumilisha mimi siku ile ya kutoa damu.

Sijawahi kutoa damu ya mtu kwa namna hiyo na sitarudia. Asubuhi ya baridi, ukungu umelala kwenye chai, mimi na sanduku langu la barafu kwenye kigoda sebuleni kwako. Pazia limeshushwa mlango wa chumbani. Mzee Andongwisye amekaa kizingitini, nusu upande wangu nusu upande wako, kama jaji. Kisha pazia likasogea, ukatoka mkono.

Nilikaa nautazama mpaka Mzee Andongwisye akakohoa. Baba, ule wimbo wako mbovu naujua herufi kwa herufi. Najua ulimeza nini mwaka jana. Mkono wako sikuwa nimewahi kuuona. Una kovu katikati ya kiganja, nadhani la ndoano ya mizani. Na kidole gumba kimepinda kwenda nje. Nikaacha kila kitu nikakishika. Ndicho cha Ambokile. Ndicho cha Lusungu, kile anachonyonya mpaka leo nikimkataza. Kazi yangu ni jeni, nimesoma jeni, naota jeni, na sikuwahi kuona ukurasa umesomwa mara tatu waziwazi namna hiyo, kidole kimoja, babu, baba, mtoto. Hiyo ndiyo sababu sindano ilichelewa. Haikuwa mshipa.

Halafu ile habari ya mkalimani. Mimi nasema, "Mwambie akunje ngumi." Yeye anageuka: "Anasema ukunje ngumi." Wewe umeshakunja zamani. "Muulize kama inauma." "Anauliza, inauma?" Na sauti yako, mara ya kwanza kuisikia kwa karibu, nzito kuliko nilivyodhani: "Mwambie haiumi." Akanigeukia kwa uso mkavu kabisa: "Haiumi." Lusungu alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Andongwisye akakuita kwa jina, akakuambia usitikisike kwa kicheko. Jina nimelisikia. Silirudii hapa.

Chupa niliipakata safari nzima, kutoka Tukuyu mpaka Dar, juu ya barafu. Abiria mwenzangu aliuliza kama ni samaki.

Sasa mashine. Inachukua wimbo ule mbovu, kama upo, na kuunakili, kila mzunguko mara mbili ya uliotangulia, mpaka unaonekana. Ukiwa mwingi, mstari unapanda mapema. Mwaka juzi ulipanda mzunguko wa ishirini na nne. Safari hii nilisimama palepale. Ishirini, kimya. Ishirini na tano, kimya. Thelathini. Mwenzangu akaniambia nivute kiti, nikasema hapana. Thelathini na tatu, kimya. Kwenye thelathini na tano ndipo ukanyanyuka, kidogo, kwa uvivu.

0.04, Baba. Chini ya sehemu ya kumi ya moja. Kwa kila sauti elfu kumi, wimbo ule ni sauti nne, na koo zote zimezibwa. Nilipima mara tatu. Dawa haikukuacha. Utaendelea nayo, na sisi tutaendelea kusikiliza, lakini hiki ndicho kile kipimo nilichokuambia tukikifikia tutapumua.

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilitaka kukupigia simu, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Namba ilikuwa kwenye kioo. Nikaizima, nikaja kuandika.

Mkwe wako,
Sia


Lupepo
20 Julai 2025

Mama Lusungu,

Namba nimeisoma nikampa Andongwisye aisome, naye akanirudishia nisome tena kwa sauti. Kisha nikaiandika kwenye daftari langu la mizani. Nne tu katika elfu kumi! Kwenye mizani yangu kitu kidogo hivyo kisingetikisa hata sindano. Nilisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali.

Kovu hilo ni la ndoano, umepatia. Mwaka 1987.

Nimefikiri kuhusu pazia. Ambokile anasema sasa tuliondoe, tumeshachekesha watu vya kutosha. Nimemwambia libaki. Mila ile sikuielewa mpaka siku ile. Nilidhani ni woga tu. Lakini nilipoutoa mkono, na wewe ukakaa kimya upande wa pili, nikajua kwamba yuko mtu ananijua mpaka ndani ya mfupa na bado ananisitiri. Baba mkwe gani Rungwe nzima amepata heshima kama hiyo kwa mkwe wake? Pazia libaki. Ila mkono utoke kila mwaka.

Andongwisye bado anahesabu, na anakusalimia. Kinyonga wa Lusungu amepatikana, nimemwachia huru, maana mama wa mtoto amekataa.

La mwisho, na hili limeninyima raha wiki tatu. Siku ile uliniuliza kama inauma, nikajibu haiumi. Iliuma, mkwe wangu, iliuma sana, ule mkono wako ni mzito. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kabla damu haijakuambia.

Babu yake Lusungu,
R-031